Ibada Nayo Huhubiri

Katika mabaraza ya wazee wa kanisa, kwenye semina za wainjilisti na katika maongezi ya uwanjani baada ya ibada ya pili, Walutheri wa Tanzania wanabishana juu ya liturujia. Wapo wanaosema ni mzigo tulioachiwa na wamisionari, na kwamba kilicho muhimu ni mafundisho na uamsho. Wapo wanaosema anayegusa kitabu cha ibada amegusa imani yenyewe. Kila upande una madai yake, nayo yamerudiwa mara nyingi mno hata watu wameacha kuuliza kama ni ya kweli. Nayajibu hapa kwa sababu nalipenda kanisa hili, na naumia nikiona historia yake ikisemeshwa jambo ambalo haikusema. Kwa pande zote mbili jibu langu ni moja. Taratibu za ibada ziko huru, lakini hakuna hata moja iliyo bubu. Kila moja inahubiri kitu, na wajibu wetu ni kuuliza inahubiri nini.

"Luther aliifuta misa. Liturujia ni mabaki ya Ukatoliki."

Aliyeharakisha kuipindua misa ni Andreas Karlstadt, mwalimu mwenzake Luther pale Wittenberg. Siku ya Krismasi ya mwaka 1521, Luther akiwa bado amefichwa katika ngome ya Wartburg, Karlstadt alisimama altareni bila mavazi ya misa, akatamka maneno ya Kristo kwa Kijerumani, akawaachia watu washike kikombe kwa mikono yao wenyewe. Muda si mrefu mji ukachafuka. Sanamu zikavunjwa, na watu waliokuwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba kupokea mkate bila kikombe ndiyo utii wakaambiwa ghafla kwamba kufanya hivyo ni dhambi. Luther alirudi Machi 1522, akahubiri siku nane mfululizo kuanzia Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Hakusimama kuitetea misa ya kipapa. Alikubali kwamba mengi yaliyofanyika yalikuwa mema, ila yalifanywa kwa shuruti, na moyo wa mtu hauingizwi imani kwa shuruti. Mavazi yakarudi, Kilatini kikarudi, na mageuzi yakaanza upya kwa kutanguliza mafundisho.

Mwishoni mwa 1523 alitoa utaratibu wa misa kwa Kilatini. Humo "Bwana utuhurumie" imo, "Utukufu kwa Mungu juu" imo, Imani ya Nikea imo, "Mtakatifu" na "Mwana-kondoo wa Mungu" zimo. Mwaka 1526 akachapisha ule wa Kijerumani, ambamo sehemu kadhaa kati ya hizo ziligeuzwa kuwa tenzi ili kusanyiko zima liimbe, si kwaya peke yake. Alichokiondoa bila huruma ni sala za padre za kumtoa Kristo kuwa sadaka kwa ajili ya walio hai na waliokufa. Sala hizo zilikuwa zimegeuza mwelekeo wa meza nzima. Mahali ambapo Mungu anatoa na mwanadamu anapokea, mwanadamu alikuwa ameonekana anatoa na Mungu anapokea. Luther alikuwa na swali moja alilouliza kila kipande cha ibada, yaani nani hapa anampa nani, na kila kilichojibu swali hilo sawasawa alikiacha kilivyo.

Miaka michache baadaye, tarehe 25 Juni 1530, Ungamo la Augsburg lilisomwa mbele ya Kaisari. Kifungu chake cha 24 kinakana waziwazi shtaka kwamba misa imefutwa. Kinaeleza kwamba inaadhimishwa kwa heshima kubwa, kwamba karibu taratibu zote za desturi zimebaki, na kwamba nyimbo za Kijerumani zimeongezwa ili watu wapate kufundishwa. Basi anayesema Mlutheri halisi hana liturujia anabishana na hati ambayo makanisa ya Kilutheri ulimwenguni kote yanajitambulisha kwayo.

"Kanzu nyeupe na stola ni za Kikatoliki. Vazi letu ni joho jeusi."

Joho jeusi asili yake ni vazi la wasomi. Luther alilivaa mimbarani kwa kuwa alikuwa profesa, na sehemu nyingi za Kilutheri ziliendelea na mavazi ya misa altareni kwa vizazi kadhaa baada yake. Prussia ililifanya joho hilo kuwa sare ya mchungaji kwa amri ya serikali. Mwaka 1811 mfalme Friedrich Wilhelm III aliwaagiza wachungaji, mahakimu na marabi wa nchi yake walivae. Uswidi, ambako amri yake haikufika, Walutheri hawakuacha kasula, vazi la juu la misa. Ndiyo maana wamisionari wa Kijerumani walituletea vazi moja na Waswidi wakatuletea jingine, na wote walikuwa Walutheri. Sioni la kuongeza hapa. Vazi halimwokoi mtu wala halimpotezi.

"Taratibu ni adiafora, basi kila usharika ufanye upendavyo."

Dai hili ni la hatari kuliko mengine yote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Adiafora ni mambo ambayo Neno la Mungu halikuyaamuru wala halikuyakataza, kama vile rangi za vitambaa vya altare, mishumaa, ishara ya msalaba, kusimama au kupiga magoti. Kifungu cha 7 cha Ungamo la Augsburg kinasema kwamba kwa umoja wa kweli wa Kanisa inatosha kukubaliana katika mafundisho ya Injili na katika kutolewa kwa sakramenti, na desturi zilizowekwa na wanadamu si lazima zifanane kila mahali. Wengi hukisoma kifungu hicho, wakafunga kitabu hapo.

Hawakusoma kilichofuata. Aprili 1547 majeshi ya Kaisari Karl V yaliwashinda watawala wa Kilutheri pale Mühlberg, na mwaka uliofuata Kaisari akawaamuru warudie taratibu nyingi za zamani. Desemba 1548, huko Leipzig, wanatheolojia wa Sachsen, akiwamo Philipp Melanchthon aliyeliandika Ungamo la Augsburg kwa mkono wake, walikubali maafikiano. Mafundisho ya kuhesabiwa haki yangebaki, walisema, lakini taratibu zingerudi, zikiwamo mavazi, mifungo, upako wa wagonjwa, hata sikukuu ya Mwili wa Kristo. Si mambo ya nje tu? Afadhali kuyakubali kuliko kuona makanisa yakifungwa na wachungaji wakifukuzwa.

Aliyempinga alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, Matthias Flacius, mzaliwa wa Istria, mwalimu wa Kiebrania katika chuo kilekile cha Melanchthon. Aliiacha kazi yake, akahamia Magdeburg, mji uliokataa kusujudu, na kutoka huko akaandika kijitabu baada ya kijitabu. Hakudai kwamba kanzu ni dhambi. Alichodai ni kwamba kanzu ileile, ikivaliwa kwa sababu adui wa Injili ameamuru ivaliwe, haiwi tena kanzu tu. Mkulima anayeketi nyuma ya kanisa hasomi maafikiano ya wanatheolojia. Anaona kwa macho yake kwamba mambo ya zamani yamerudi, na anahitimisha kuwa mchungaji wake ameshindwa, na mafundisho nayo yameshindwa pamoja naye. Wakati wa kuungama imani, akasema Flacius, hakuna tena jambo la kati na kati.

Mabishano hayo yalichukua karibu miaka thelathini na yaliwaachia watu majeraha. Flacius mwenyewe alikufa akihangaika mji hadi mji. Lakini kwa jambo hili Fomula ya Konkordia ya mwaka 1577, katika kifungu chake cha 10, ilisimama upande wake: taratibu ziko huru, na papo hapo wanapotokea watu wanaozilazimisha kana kwamba ni za lazima mbele za Mungu, kuzikataa kunakuwa sehemu ya kuungama imani.

Mantiki hiyo hukata pande zote mbili, na Luther alikuwa ameiona mapema. Karlstadt alipofundisha kwamba kuinua mkate na kikombe altareni ni dhambi, Luther alijibu mwaka 1525 kwamba Papa anaamuru jambo hili na Karlstadt analikataza, na wote wawili wanamnyang'anya Mkristo uhuru ambao Kristo amempa. Kwa hiyo Wittenberg iliendelea kuinua, hata kama yeye binafsi hakuwa na shauku na tendo hilo, na lilipoachwa mwaka 1542 halikuvunja amani ya mtu.

Sasa tulirudie neno "upendavyo". Fomula hiyohiyo inasema mwenye mamlaka ya kubadilisha taratibu ni jumuiya ya Mungu mahali ilipo, kwa utaratibu na bila kumkwaza aliye dhaifu. Haisemi ni mchungaji aliyehamishiwa usharikani mwezi uliopita. Nimeona ibada ambamo maungamo yaliondolewa Jumapili moja na mpangilio mzima ukageuzwa Jumapili iliyofuata, bila neno la maelezo. Aliyeumia alikuwa bibi asiyejua kusoma, aliyeishika ibada yote kwa moyo tangu usichana wake. Vitabu vya nyimbo havikumsaidia, kwa maana kitabu chake kilikuwa ule mfululizo aliouzoea. Mwaka 1525 Luther aliwaandikia Wakristo wa Livonia jambo hilihili: kwa upande wa imani taratibu ziko huru kabisa, lakini kwa upande wa upendo haziko huru hivyo, kwa sababu nikimchanganya jirani yangu nimetumia uhuru wangu dhidi yake.

"Mafundisho yakiwa sahihi, namna ya ibada haina uzito."

Anayesema hivi na aende Prussia ya karne ya 19. Friedrich Wilhelm III, yuleyule wa joho jeusi, alikuwa wa Kanisa la Reformed. Mkewe, Malkia Luise, alikuwa Mlutheri, na inasemekana lilimchoma mfalme kwamba hawakuweza kushiriki meza moja. Mwaka 1817, katika kumbukumbu ya miaka 300 ya Matengenezo, alitangaza muungano wa makanisa hayo mawili. Hakutunga ungamo jipya. Hakumwambia Mlutheri yeyote aikane Katekisimu. Alileta kitabu cha ibada.

Nacho kilikuwa kizuri. Mfalme alikuwa amechimba taratibu za karne ya 16, akarudisha msalaba na mishumaa altareni, akarudisha viitikio vilivyosahaulika. Mpenda taratibu angekifurahia. Tatizo lilikuwa katika sentensi moja, ile ambayo mchungaji huisema anapompa mtu mkate. Walutheri walikuwa wamezoea kusikia tamko la moja kwa moja kwamba huu ni mwili wa Kristo. Kitabu cha mfalme kilimwelekeza mchungaji aripoti tu kwamba Kristo alisema maneno hayo. Kwa namna hiyo Mlutheri angeyasikia kwa imani yake, na wa Reformed kwa imani yake, na hakuna ambaye angelazimika kukiri lolote mbele ya mwenzake. Na badala ya kaki zilizotayarishwa, mkate ulimegwa mbele ya watu.

Mwaka 1830, katika jubilei ya Ungamo la Augsburg, kitabu hicho kilisukumwa kwa nguvu ya serikali. Johann Gottfried Scheibel, mchungaji na profesa wa Breslau, alikataa akasimamishwa kazi. Desemba 1834 katika kijiji cha Hönigern, Silesia, wanakijiji walilizunguka kanisa lao kulilinda, na serikali ikatuma askari kulifungua. Wengine waliona heri kuondoka. Mchungaji August Kavel aliongoza kundi lake hadi Australia Kusini, wakafika mwaka 1838 na kujenga kijiji walichokiita Klemzig. Mwaka 1839 Johannes Grabau na watu wake walivuka kwenda Buffalo, Marekani.

Wakulima hao wanastahili kusikilizwa. Hawakuwa watu wa kubishania mishumaa, maana mishumaa walipewa. Walielewa jambo ambalo washauri wa mfalme walidhani halitaonekana: kwamba sentensi moja inayosemwa kinywani mwa mchungaji, mbele ya mtu aliyepiga magoti, inafundisha kuliko kitabu kizima cha theolojia kilicho rafuni. Mafundisho yalikuwa salama kwenye karatasi. Mahali yalipobadilika ni mahali ambapo mtu hukutana nayo.

Historia hii inatuhusu kwa damu. Shirika la Leipzig, lililoingia Kilimanjaro mwaka 1893, lilitokana na Walutheri waliosisitiza maungamo yao. Berlin, waliofika nyanda za juu za kusini mwaka 1891, na Bethel, waliofanya kazi Usambara na baadaye Bukoba, walitoka katika Prussia ya muungano ule. Baada ya vita vikuu vile viwili wakaja Waswidi na Wamarekani wenye asili ya Uswidi na vitabu vyao. Makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kila moja lilileta ibada aliyofundishwa babu yake. Mkristo wa Machame na mwenzake wa Njombe wakiona tofauti katika ibada zao, wasidhani mmoja amepotoka. Wamerithi mashauri ya Ulaya ambayo hawakuwa mashahidi wake.

"Kitabu ni kitabu. Asiyekifuata neno kwa neno si Mlutheri."

Naelewa uchungu unaozaa dai hili, na baadhi ya wanaolisema ni walimu wangu. Hata hivyo si la Kilutheri. Luther aliufungua utaratibu wake wa 1526 kwa kuwasihi watu wasiufanye sheria. Huko Württemberg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, Walutheri walichukua ibada fupi ya mahubiri, bila umbo la misa, na hakuna aliyewatoa katika Ulutheri kwa ajili hiyo. Brandenburg, kinyume chake, ilibakiza taratibu nyingi kiasi kwamba Georg Buchholzer, mchungaji wa Berlin, alimwandikia Luther kwa wasiwasi juu ya maandamano na mavazi aliyoyataka mtawala wao. Jibu la Luther la Desemba 1539 linanifurahisha kila ninapolikumbuka. Ikiwa Injili inahubiriwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa kama Kristo alivyoziweka, alimwambia, basi vaa. Vazi moja lisipomtosha mtawala, vaa matatu kama Haruni. Maandamano ya mzunguko mmoja yasipomtosha, zungukeni mara saba kama Yoshua kule Yeriko. Akitaka kucheza kama Daudi mbele ya sanduku, na acheze. Sharti lilikuwa kwamba lolote kati ya hayo lisigeuzwe kuwa la lazima kwa wokovu.

Na kuna hoja ya muziki ambayo watetezi wa kitabu hawapendi kuigusa. Mwaka 1525 Luther alilalamika juu ya watu waliochukua maneno ya Kijerumani wakayabandika kwenye tuni za Kilatini. Alitaka maneno, mkazo, sauti na mwendo vyote vitoke katika lugha ya mama ya mwimbaji, la sivyo ni kuiga tu. Tukipime kitabu chetu kwa kipimo hicho. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi za Kijerumani huishia kwenye noti nzito, kwa hiyo silabi yetu ya mwisho, iliyo nyepesi kwa asili, hubebeshwa uzito usio wake, na neno zuri likatoka limepinda. Tumezoea, na katika kuzoea huko kuna imani ya kweli ya wazee wetu ambayo siidharau hata kidogo. Ila mwenye kusema kwamba tuni hizo ndizo za Kilutheri na za kwetu ni za dunia, huyo amemgeuka Luther mwenyewe. Bernard Kyamanywa alipotunga "Mfurahini, Haleluya" mwaka 1966 kwa tuni ya kienyeji, alifanya hasa kile Luther alichokitaka. Leo Wajerumani wanauimba wimbo huo Pasaka kutoka katika kitabu chao wenyewe.

Ngoma na makofi viingie, basi, kwa mlango uleule: vikibeba Neno, karibu.

"Roho hafungwi na kitabu. Liturujia inachosha na kurefusha ibada."

Kwanza tuhesabu dakika kwa haki. Maungamo na tangazo la msamaha, viitikio, Imani na Sala ya Bwana havichukui robo saa. Kinachoifikisha ibada saa sita mchana ni matangazo, changizo, mnada wa mazao, na kwaya nne ambazo kila moja ina nyimbo zake mbili. Sikatai kwaya, nimekulia humo. Lakini Luther alihangaika kuwapa watu wote wimbo mdomoni, na kusanyiko linalokaa kimya likitazama kwaya zikipokezana limerudi mahali alipolikuta.

Pili, maombi yasiyo na kitabu nayo yana kitabu chake. Msikilize mwombaji yeyote wa kikundi cha maombi kwa mwezi mmoja, utaweza kumtangulia maneno. Si kosa, ndivyo kinywa cha mwanadamu kilivyo. Swali ni maneno gani yatakayorudiwa. Liturujia inanipa kila Jumapili tamko kwamba dhambi zangu zimesamehewa kwa ajili ya Kristo, hata mchungaji akiwa amechoka, hata nami nikiwa sisikii chochote moyoni. Tamko hilo linapoondolewa ili kupisha nusu saa ya sifa, kilichoondoka si desturi. Mtu aliyekuja na mzigo wake sasa anaambiwa aimbe kwa bidii zaidi mpaka ajisikie huru. Anatafuta uhakika ndani ya hisia zake mwenyewe, mahali ambapo Matengenezo yalimtoa.

Na tuangalie taratibu mpya zinazoingia kimyakimya, kama chupa za mafuta na za maji ya upako. Yakobo anataja mafuta kwa mgonjwa, na mchungaji anayempaka mgonjwa akimwombea hana haja ya kujitetea. Chupa inayouzwa ikiwa na ahadi ya kazi, ya ndoa au ya kufungua biashara ni jambo jingine kabisa. Hapo kuna tendo, kuna kitu kinachoonekana, na kuna ahadi ambayo Mungu hakuitoa. Hiyo ni sakramenti ya kubuni, na kuiita adiafora ni kutojua neno hilo lina maana gani.

"Sisi ni kanisa la Neno. Chakula cha Bwana kikizidi kitazoeleka."

Utetezi wa Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 24, unasema misa iliadhimishwa katika makanisa ya Walutheri kila Jumapili na katika sikukuu nyingine, kwa wale waliotaka kushiriki. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Luther, katika dibaji ya Katekisimu Ndogo, hakutaka mtu alazimishwe, lakini alisema asiyeitamani sakramenti walau mara tatu au nne kwa mwaka kuna mashaka kama anaidharau. Mara nne zilikuwa alama ya hatari. Sharika zetu nyingi zimezifanya kuwa ratiba. Zamani kulikuwa na sababu ya kweli, kwani mchungaji mmoja alihudumia mitaa mingi kwa miguu. Pale ambapo sasa yupo mchungaji na pikipiki, hofu ya kuzoeleka haitoshi. Mahubiri nayo tunayasikia kila wiki, na sijasikia mtu akipendekeza yapunguzwe yasije yakazoeleka.

"Haya yote ni mashauri ya Wazungu wa kale. Hayatuhusu Waafrika."

Juni 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilifanya Mkutano Mkuu wake wa sita Dar es Salaam. Kusini mwa Afrika kulikuwa na makanisa ya Kilutheri ya Weupe yaliyojitenga na ndugu zao Weusi. Watu hao walikuwa na Ungamo lilelile la Augsburg, Katekisimu ileile, na liturujia ambayo mgeni kutoka Leipzig angeitambua mara moja. Utetezi wao ulikuwa kwamba kutengana ni suala la lugha, desturi na mpangilio. Kwa maneno mengine, walisema ni adiafora.

Mkutano wa Dar es Salaam ulitumia hoja ya Flacius, ileile ambayo mwanatheolojia Dietrich Bonhoeffer alikuwa ameiamsha Ujerumani mwaka 1933 makanisa yalipotakiwa kuwafukuza Wakristo wenye asili ya Kiyahudi. Katika mambo ya siasa, mkutano ulisema, Wakristo kwa kawaida wanaweza kutofautiana. Lakini ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika umefikia mahali ambapo imani yenyewe inaungamwa au inakanwa, na makanisa yanapaswa kuukataa hadharani kwa sababu ya imani yao. Mkutano huohuo ulimchagua Josiah Kibira, Askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, Bukoba, kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho. Kifungu cha 10 cha Fomula, kilichoandikwa kwa ajili ya kanzu za Sachsen, kilikuwa kimepata kazi kubwa kuliko waandishi wake walivyoweza kuwaza, na kilipewa kazi hiyo katika ardhi yetu.

Mwaka 1984, kwenye Mkutano Mkuu wa Budapest uliohitimisha kipindi cha Kibira, makanisa mawili ya Weupe, moja la Afrika Kusini na moja la Namibia, yalisimamishwa uanachama. Hakuna aliyewashtaki kwa kukosea katika kifungu cha kuhesabiwa haki. Walihukumiwa kwa namna walivyoishi ushirika wao, na swali lililokuwa mezani ni nani anaruhusiwa kupiga magoti karibu na nani kupokea mwili na damu ya Bwana.